Kona Iliyo Wazi: Shajara ya Vipande vya Kukamilisha Mraba, Kisumu

Jumamosi, 31 Januari

Mradi wenyewe ni huu: kutengeneza vipande vya mbao ambavyo mwanafunzi wa Kidato cha Tatu atavipanga mezani, aone kwa macho yake kwa nini mlinganyo wa kipeo cha pili hutatuliwa kwa kukamilisha mraba. Ukumbi tumepewa mtaa wa Manyatta, Jumamosi asubuhi. Wanafunzi ni wa shule za kutwa za hapa mjini, na ndio kundi la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4. KCSE yao, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, ni 2027.

Leo niliwapa x² + 10x = 39 waitatue kwenye daftari. Wengi waliandika hatua sawasawa: chukua nusu ya 10, piga mraba, ongeza 25 pande zote mbili. Nikauliza 25 imetoka wapi. Kimya. Kisha mmoja akasema, "Mwalimu, ndivyo tulivyofunzwa."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nianze kazi hii. Mwanafunzi asiyejua hatua imetoka wapi huishika kwa muda tu. Mtihani ukifika, mmoja ataongeza 25 upande mmoja na kuusahau wa pili, mwingine ataongeza 100 kwa kuwa hakukumbuka nusu, na wa tatu ataacha kabisa akimbilie fomula ya kipeo cha pili ilhali swali limesema wazi akamilishe mraba. Wote watatu ni watoto wenye akili. Walichokosa ni kuona.

Jumatano, 4 Februari

Vipimo. Kila seti inahitaji aina tatu za vipande: mraba mkubwa wenye upande x, vipande vyembamba vyenye urefu x na upana 1, na miraba midogo ya 1 kwa 1. Kwa kuwa mfano wetu mkuu una 10x, seti moja itakuwa na mraba mkubwa mmoja, vipande vyembamba 10 na miraba midogo 25.

Kipimo kidogo nimekiweka milimita 20. Swali gumu lilikuwa urefu wa x. Ningeuweka milimita 120 au 140, mwanafunzi angepanga miraba midogo sita au saba kando ya mraba mkubwa, aone imelingana, aamini kwamba x ni 6 au 7. Kwa hivyo nimechagua milimita 137. Miraba sita haifiki, saba inapita, na hapo x inabaki herufi.

Jumapili, 8 Februari

Kibuye. Jumapili soko hufurika hadi barabarani, lakini mafundi wa samani wanapatikana, na mabaki ya plaiwudi yanarundikwa nyuma ya vibanda. Plaiwudi ya milimita 6 inatosha. Fundi niliyemwendea aliutazama mchoro wangu kwa makini kabla ya kutaja bei, kisha akauliza, "Mwalimu, hii milimita 20 ni kabla ya msumeno au baada?"

Swali lake lina maana kubwa kwa kazi hii. Meno ya msumeno wake hula karibu milimita 3 kila unapopita. Kipande kikitoka na milimita 19 badala ya 20, kwa macho huoni tofauti. Lakini ukilaza vitano sambamba, upana wake ni 95, na kona iliyotakiwa kupokea miraba midogo 5 kwa 5 inakataa: miraba inatokeza nje kwa milimita 5. Mwanafunzi akiona hivyo atauliza kama 25 imezidi, na ana haki ya kuuliza. Hapa mbao ikidanganya, hisabati inadanganya.

Tukakubaliana akate kwa 20.5 kisha tumalizie kwa msasa juu ya kibao chenye kingo mbili zilizopigiliwa kwa umbali wa milimita 20. Kipande kisichopita kati ya kingo hizo kinarudi kwenye msasa. Kinachochezacheza humo kinatupwa. Nilitamani wanafunzi wamwone fundi huyu akifanya kazi, kwa sababu anapima mara mbili kila kitu bila kuambiwa na mtu.

Jumamosi, 14 Februari

Seti za kwanza zimefika mezani. Nilitaka leo niseme machache iwezekanavyo, kwa hivyo niliandika x² + 10x = 39 ubaoni na kutoa agizo moja: vilivyo upande wa kushoto wa mlinganyo, vipangeni kama umbo moja lililo karibu zaidi na mraba.

Meza nyingi zilianza kwa kupanga vipande vyote 10 upande mmoja. Hapo unapata mstatili mrefu, na hakuna aliyeridhika nao. Binti mmoja ndiye aliyehamisha vitano. Vitano akavilaza kulia mwa mraba mkubwa, vitano chini yake. Akarudi nyuma kidogo, akatazama, kisha akapitisha kidole taratibu kwenye nafasi iliyobaki wazi kule kona ya chini kulia.

"Hapa pana pengo."

"Pengo la ukubwa gani?"

Hakuhesabu kwa kichwa. Alichukua miraba midogo akaijaza mmoja mmoja, safu tano, kila safu mitano. Jirani yake alikuwa amekwisha kuelewa, akasema kwa sauti, "Kwa hivyo 25 inaziba kona." Nusu imetoka wapi? Vipande 10 vimegawanywa pande mbili. Kupiga mraba kumetoka wapi? Kona yenyewe ni 5 kwa 5. Kuongeza pande zote mbili kumetoka wapi? Ukiongeza mbao mezani, eneo si 39 tena, limekuwa 64. Mraba wenye eneo la 64 una upande wa 8. Upande huo ni x na vipande vitano, yaani x + 5 = 8, na x ni 3. Haya yote waliyasema wao.

Kijana mmoja hakukubali. Alipima mraba mkubwa kwa rula, akagawanya kwa 20, akapata 6.85. "Mwalimu, umesema x ni 3, lakini hii si 3." Nilifurahi sana kwa pingamizi hilo. Kipande kile kinashika nafasi ya urefu ambao bado hatuujui. Umbo lingekuwa lilelile kama kingekatwa kirefu au kifupi: kona ingebaki 5 kwa 5, kwa sababu kona haitegemei x hata kidogo. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga, na sioni kama tulipoteza wakati. Ukishaelewa kwamba kona haijali x ni ngapi, umeelewa kwa nini njia hii hufanya kazi kwa kila mlinganyo wa aina hii.

Baadaye niliwaeleza mlinganyo huo ulikotoka. Ni mfano wa al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad enzi za Khalifa al-Ma'mun, na aliuandika katika kitabu chake cha aljebra karibu mwaka 820. Hakutumia x wala alama ya kujumlisha. Aliandika kila kitu kwa maneno, hata nambari zenyewe, kisha akachora mraba kuthibitisha. Mchoro wake mmoja ni huuhuu uliokuwa mezani kwetu: mistatili miwili ya tano kwa x, na kona ya 25.

Naye hakuwa wa kwanza. Kuna kigae cha udongo cha Babeli, sasa kiko London katika Makumbusho ya Uingereza, kilichoandikwa zaidi ya miaka 2,500 kabla yake. Swali lake la kwanza linasema eneo la mraba likijumlishwa na upande wake ni robo tatu. Mwandishi anachukua 1, anaigawa nusu, anazidisha nusu kwa nusu kupata robo, anaongeza robo kwenye robo tatu kupata 1, anatafuta kipeuo chake, anaondoa nusu. Upande ni nusu. Niliwaachia wahakikishe: robo kujumlisha nusu ni robo tatu. Darasa likatulia kabisa. Watoto wa Manyatta wakawa wanafuata hatua za mtu aliyeandika kwa unyasi kwenye udongo mbichi, na wakazikuta zote mahali pake.

Jumamosi, 21 Februari

Leo tuliingia kwenye njia ya bustani. Bustani ya mboga ina mita 8 kwa 12, tunataka kuizungushia njia ya kabro, yaani matofali ya kutandaza chini, yenye upana uleule pande zote. Upana ni x. Eneo la njia peke yake ni 4x² + 40x: kona nne, kila moja x², na pande nne zinazojumlisha 40x. Kama tuna kabro za kutosha mita za mraba 96, basi 4x² + 40x = 96, na ukigawa kwa 4 unapata x² + 10x = 24. Mbao zilezile, kona ileile ya 25. Jumla 49, upande 7, x ni mita 2.

Wenye kasi hawakugusa mbao. Walitafuta vigawo, yaani nambari mbili zinazozidishana kupata 24 na kutofautiana kwa 10: 12 na 2, wakamaliza. Ni sawa, na mwenye kuona vigawo haraka avitumie. Kisha nikabadilisha: pesa imepungua, tumenunua kabro za mita za mraba 60. Sasa x² + 10x = 15. Wakahangaika na 15 na 1, na 5 na 3, hakuna jozi inayotoa tofauti ya 10. Wawili wakatangaza kwamba swali halina jibu.

Hapo ndipo njia ya mraba inapoonyesha nguvu zake. Kona haijabadilika, ni 25. Jumla ni 40, kwa hivyo x + 5 ni kipeuo cha pili cha 40, yaani 6.32 hivi, na x ni mita 1.32. Njia inajengeka bila shida yoyote, na fundi wa kabro hatauliza kama upana wake una vigawo. Vigawo vinakufaa pale aliyetunga swali alipokuonea huruma. Mraba unakufaa siku zote.

Suala la jibu la pili tuligusa kidogo. Upande wa mraba ukiwa 8, aljebra inaruhusu pia −8, na x inakuwa −13. Angalia: 169 kutoa 130 ni 39. Al-Khwarizmi alichukua jibu chanya tu, na mbao zetu pia haziwezi kuonyesha lile hasi. Nimewaagiza waandike ± kila wanapotoa kipeuo, kisha wasome tena swali wajue kama jibu hasi lina nafasi. Njia ya kabro haina upana wa hasi. Swali la herufi tupu linalitaka.

Jumamosi, 28 Februari

Mvua kubwa tangu alfajiri, waliofika ni wachache. Tulipiga msasa vipande vya seti zilizobaki.

Jumamosi, 7 Machi

Siku niliyoihofia: alama ya kutoa. Vitabu huandika (x − 5)² = x² − 10x + 25 na kupita. Mwanafunzi anabaki akijiuliza inakuwaje unatoa halafu unaongeza.

Tulianza na wavu wa kuku. Una mita 20 za wavu, unataka kuzungushia banda la mstatili. Urefu na upana vikijumlishwa ni 10, kwa hivyo upande mmoja ukiwa x, mwingine ni 10 − x, na eneo ni x(10 − x). Kijana mmoja ambaye mama yake anafuga kuku akasema la kwao ni mita za mraba 21. Nilishukuru kimoyomoyo, maana 21 ndiyo nambari niliyokuwa nimeiandaa.

Mlinganyo ni x² + 21 = 10x, na huu pia umo kwa al-Khwarizmi. Safari hii niliwaambia waweke kando mraba mkubwa na vipande vyembamba, watumie miraba midogo peke yake. Pangeni 25, tano kwa tano. Sasa ondoeni 21, lakini muondoe kwa kufuata pande mbili zinazokutana, ili kinachobaki kiwe mraba. Waliondoa ukanda wa upana mmoja, haukutosha. Wa upana mbili, bado. Wa upana tatu, na kilichobaki kilikuwa 2 kwa 2 kwenye kona. Ukanda una upana wa 3, kwa hivyo x ni 3. Nusu ya 10 ni 5, mraba uliobaki una upande wa 2, na 5 kutoa 2 ni 3. Ukijumlisha badala ya kutoa unapata 7. Majibu mawili, yote chanya, na banda ni lilelile: 3 kwa 7, au 7 kwa 3 ukilitazama kutoka upande wa pili.

Kuhusu kutoa na kuongeza, niliwarudisha kwenye ukanda. Ukiondoa x kutoka upande mmoja, kwa urefu wote wa 5, na x kutoka upande wa pili, kwa urefu wote wa 5, umetoa 10x. Lakini pale pande mbili zinapokutana, kipande cha x kwa x umekitoa mara mbili, na mezani kilikuwepo mara moja. Lazima ukirudishe. Ndiyo maana x² inakuja na alama ya kujumlisha. Waliopanga kwa mikono walilikubali mara moja. Waliokuwa wakiandika tu, ilibidi nao wapange.

Kisha tukaendelea. Banda la 24: unabaki na mraba mmoja mdogo, pande ni 4 na 6. Banda la 22: unabaki na miraba mitatu, na mitatu haipangiki ikawa mraba, lakini kipeuo chake kipo, 1.73, kwa hivyo pande ni 3.27 na 6.73. Banda la 25: hubaki kitu, pande zote ni 5.

"Na la 28?" akauliza binti yule wa kona. Akajaribu mwenyewe kabla sijajibu. Aliondoa yote 25, akanyoosha mkono kuchukua mingine mitatu, meza ikawa tupu. Akaniangalia. Wavu wa mita 20 hauwezi kuzunguka mstatili wa mita za mraba 28, vyovyote utakavyouvuta. Kwenye karatasi hilo linaonekana kama (x − 5)² = −3, na hakuna nambari halisi ambayo mraba wake ni hasi. Al-Khwarizmi alilisema kwa maneno: mraba wa nusu ukiwa mdogo kuliko nambari iliyo pamoja na x², swali haliwezekani.

Ninaliona hili kuwa tunda bora la mradi mpaka sasa. Andika eneo kama 25 − (x − 5)², utaona mara moja kwamba haliwezi kupita 25, na linafika hapo x ikiwa 5. Fomula ingewapa majibu ya 21 na 22. Isingewaonyesha kwamba banda kubwa kuliko yote ni la mraba.

Jumamosi, 14 Machi

Mlinganyo unaoanza na 2x². Shuleni huambiwa wagawe kwa 2 kwanza, na ni sahihi, ila sehemu zikiingia wengi hupotea. Nilitaka waone njia nyingine. Nikaandika 2x² + 6x = 7.

Weka miraba mikubwa miwili. Je, miwili hii inaweza kuungana ikawa mraba? Hapana, inatoa mstatili. Minne inaweza. Basi zidisha mlinganyo wote kwa 2: 4x² + 12x = 14. Meza nne zikaunganisha vipande vyao: miraba minne katikati, vyembamba sita kulia, sita chini, kona ya 3 kwa 3. Ongeza 9. Sasa (2x + 3)² = 23, na x ni 0.898 hivi, jibu la pili likiwa −3.898. Hakuna sehemu hata moja iliyoandikwa hadi mwisho.

Kwa 2x² + 3x = 7, kuzidisha kwa 2 hakutoshi: vyembamba sita vikizunguka mraba wa upande 2x, kila upande unapata safu moja na nusu. Zidisha kwa 8, unapata 16x² + 24x = 56, kona ni 9 kamili, na (4x + 3)² = 65. Vipande havikutosha, kwa hivyo hii waliichora. Ni njia inayohusishwa na Sridhara, mwanahisabati wa India: zidisha kwa mara nne ya nambari iliyo mbele ya x², kisha ongeza mraba wa ile iliyo mbele ya x. Mimi naipendelea kuliko ile ya kugawa, na nimewaambia hivyo, pamoja na kuwaonya kwamba kwenye mtihani waandike kila hatua ili msahihishaji aifuate.

Watatu waliobaki baada ya kipindi walibadilisha nambari kwa a, b na c, wakaanza na ax² + bx + c = 0. Walifika (2ax + b)² = b² − 4ac bila msaada wangu. Mstari mmoja zaidi, fomula yote ikawa ubaoni. Mmoja wao alikuwa ameikariri tangu mwaka jana. Aliitazama kwa muda, kisha akaweka kidole juu ya b² akasema, "Hii ndiyo kona."

Walipokuwa wakifungasha wakauliza kama kuna kukamilisha mchemraba kwa ajili ya x³. Kuna. Mwaka 1545 Gerolamo Cardano wa Italia alichapisha utatuzi wa milinganyo ya kipeo cha tatu, na hoja yake imesimama juu ya mchemraba uliokatwa vipande. Jumapili narudi Kibuye kumwomba fundi mabaki ya mbao nene, vipande vinane kwa jumla: mchemraba mmoja wa milimita 60, bapa tatu za 60 kwa 60 kwa 25, vijiti vitatu vya 60 kwa 25 kwa 25, na mchemraba mmoja wa 25. Vipimo vyote ni baada ya msumeno.